PICHA KWANZA, PAMBO BAADAYE

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Mwalimu wa darasa: Kabla ya kipindi kuanza, andika ubaoni maneno haya manne, uwasomeshe wanafunzi: kivinjari, seva, akiba, pazia. Weka kalamu na karatasi tayari, maana leo kuna hesabu kidogo.

Nayasalimu madarasa yote ya ufukoni mwa Ziwa Viktoria, na leo hasa darasa la Mirongo, mjini Mwanza, kwa sababu mfano wangu wa leo nautoa kwenu.

Leo tutazungumza juu ya picha katika kurasa za mtandao: jinsi zinavyofika katika simu, kwa nini pengine huchelewa, na kwa nini pengine hazionekani kabisa ingawa zimekwisha fika. Neno hili la mwisho huenda likawashangaza. Picha imefika, umeilipia kwa bando lako, imo ndani ya simu yako, na bado huioni. Basi sikilizeni vizuri, maana jambo hili laweza kumpotezea mtu biashara yake.

Tuseme yuko mama mmoja mshonaji, anakaa Mirongo, si mbali na mto. Ana cherehani mbili. Anashona magauni ya vitenge na sare za shule. Wateja wake wengine wako ng'ambo ya maji, katika kisiwa cha Ukerewe. Mteja wa Ukerewe hapendi kulipa nauli ya meli, kupoteza siku nzima, kisha afike Mwanza na kukuta rangi aliyoitaka haipo. Kwa hiyo mama anamwomba kijana fundi wa tovuti amtengenezee ukurasa wenye picha 10 za nguo zake.

Kijana anafanya kazi nzuri. Anamwonyesha mama ukurasa katika simu yake mpya. Kila gauni linajitokeza polepole, kwanza hafifu, kisha wazi, kama Jiwe la Bismarck linavyojitokeza asubuhi ukungu unapoondoka ziwani. Mama anafurahi, analipa, anawapigia simu wateja wake.

Siku ya pili mteja mmoja wa Nansio anampigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeziona nguo?"

"Mama, mimi naona visanduku vyeupe tu. Nimengoja mpaka bando limekwisha. Labda simu yangu ndiyo mbovu. Ni ya zamani."

Ndugu wanafunzi, yule mteja amejilaumu mwenyewe. Watu wengi hufanya hivyo. Husema, "simu yangu mbovu," au "mimi sijui mambo haya." Lakini simu yake si mbovu. Kosa liko katika namna ukurasa ulivyotengenezwa. Na sasa tutaliona kosa hilo, hatua kwa hatua.

Kwanza tujue kivinjari ni nini. Kivinjari ni programu inayofungua kurasa za mtandao katika simu au kompyuta. Ukurasa huandikwa kwa maagizo: hapa weka maneno, hapa weka picha, hapa weka rangi. Kivinjari husoma maagizo hayo, kisha hukuonyesha ukurasa. Kivinjari kimoja kilichowazoesha watu wengi kuona picha pamoja na maneno kiliitwa Mosaic. Kilitoka mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Tangu hapo vimetoka vivinjari vingi, vya makampuni mbalimbali, na havikusoma maagizo yote kwa namna moja. Cha zamani hakijui maneno yaliyotungwa baada yake, kama vile mzee aliyeondoka kijijini zamani asivyojua njia zilizochimbwa juzi.

Pili, tuone safari ya picha. Picha hukaa katika seva. Seva ni kompyuta inayohifadhi kurasa na kuzitoa kwa kila anayeziomba. Seva yaweza kuwa Dar es Salaam, au yaweza kuwa Ulaya. Kama iko Ulaya, picha hupita katika waya uliolazwa chini ya bahari. Waya wa SEACOM, unaofika Dar es Salaam, ulianza kazi mwezi wa Julai 2009. Kabla ya hapo mawasiliano mengi ya mtandao na nchi za nje yalipitia satelaiti. Kutoka pwani picha husafiri hadi Mwanza, kisha hadi mnara wa simu, kisha hadi mkononi mwa mteja. Haiji kwa mkupuo mmoja. Huja vipande vipande, kama magunia yanayoshushwa melini moja moja.

Sasa chukueni kalamu, tufanye hesabu.

Picha iliyopigwa kwa simu mpya yaweza kuwa na uzito wa megabaiti 3, yaani kilobaiti 3,000. Tuseme siku hiyo mtandao unamletea mteja wetu kilobaiti 30 kila sekunde. Gawanyeni 3,000 kwa 30. Jibu ni 100. Picha moja itachukua sekunde 100, ndiyo dakika moja na sekunde 40. Picha 10 zitachukua sekunde 1,000, karibu dakika 17. Ni nani atakayengoja dakika 17 kuona magauni? Na bando lake litakuwa limeliwa megabaiti 30.

Sasa fundi akizipunguza picha zile, kila moja iwe kilobaiti 90, gawanyeni 90 kwa 30. Jibu ni sekunde 3. Picha 10 zitafika kwa nusu dakika, na bando halitaliwa hata megabaiti moja. Je, nguo zitaonekana vibaya? La. Picha ya simu mpya huweza kuwa na vitone milioni 12, lakini skrini ya simu ndogo ya zamani ina vitone 320 kwa 240. Zidisheni: ni vitone 76,800 tu. Vingine vyote havionekani. Kumpelekea mteja picha kubwa namna hiyo ni kama kuchinja ng'ombe mzima kwa mchuzi wa mtu mmoja.

Basi uzito ni sababu ya picha kuchelewa. Lakini mteja wa Nansio alingoja mpaka mwisho, na bado hakuona kitu. Hapa ndipo tunapofika kwenye pazia.

(Mwalimu wa darasa: Hapa kipindi kitasimama kidogo. Waulize wanafunzi: picha iliyokwisha fika yaweza kufichwa na nini?)

Haya, tuendelee. Ili picha ijitokeze polepole, fundi hana budi kuificha kwanza. Ni kama mwenye duka aliyetundika pazia mbele ya nguo zake. Halafu anaweka mtoto mlangoni na kumwambia, "Mzigo ukifika, kengele italia. Ukisikia kengele, fungua pazia polepole." Pazia ni agizo la kuficha picha. Mtoto ni programu ndogo iliyoandikwa ndani ya ukurasa, kwa lugha iitwayo JavaScript. Kengele ni habari ambayo kivinjari humpa mtoto, ya kwamba picha imekwisha fika yote.

Mambo yote yakienda sawa, ni pambo zuri. Lakini yaweza kuharibika kwa njia tatu.

Njia ya kwanza: mtoto hayupo. Viko vivinjari ambavyo haviendeshi programu ndogo hizo katika simu, au huziendesha kwa kiasi kidogo tu. Opera Mini, kwa mfano, kivinjari kilichotengenezwa na kampuni ya Norwe na kuenezwa duniani mwaka 2006, kinapotumika katika namna yake ya kubana sana, hupitisha ukurasa katika seva zake kwanza, kuupunguza uzito, kisha kuuleta katika simu. Kwa mtu mwenye bando dogo ni msaada mkubwa, na ndiyo sababu watu wengi wa Afrika Mashariki walikipenda. Lakini mambo mengi ambayo programu ndogo ingeyafanya simuni hayafanyiki huko. Pengine tena programu ndogo yenyewe hukatika njiani, mtandao ukiwa hafifu. Kwa hiyo pazia limetundikwa, nguo ziko nyuma yake, na hapana mtu wa kulifungua.

Njia ya pili: kengele imelia kabla mtoto hajafika. Kivinjari huweka akiba ya picha ulizokwisha ziona, ili usizilipie mara ya pili. Ukifungua ukurasa tena, picha hutoka katika akiba ya simu mara moja. Kengele inalia saa ile ile. Lakini programu ndogo ndiyo kwanza inaanza kusomwa. Mtoto anafika mlangoni, anakaa, anangoja kengele ambayo imekwisha kulia. Atangoja mpaka jioni. Hii ndiyo sababu pengine ukurasa huonyesha picha mara ya kwanza, na mara ya pili hauonyeshi. Mwenye simu hudhani ni uchawi, kumbe ni kengele na mtoto kupishana.

Njia ya tatu: mtoto haelewi lugha. Jambo hili liliwasumbua sana mafundi wa miaka ya 2000. Siku zile watu wengi walitumia kivinjari kiitwacho Internet Explorer, cha kampuni ya Microsoft. Vivinjari vingine vilipima kuonekana kwa picha toka 0 hadi 1: sifuri haionekani kabisa, moja inaonekana yote, na nusu ni 0.5. Lakini Internet Explorer ya zamani haikujua kipimo hicho. Ilikuwa na agizo lake yenyewe, na ilipima toka 0 hadi 100. Basi angalieni hatari yake. Kwa wengine, 1 ni picha nzima. Kwa Internet Explorer ya zamani, 1 ni sehemu moja ya mia, ndiyo kusema picha haionekani. Fundi aliyeficha picha kwa lugha zote mbili, kisha akaifunua kwa lugha moja tu, aliwaacha watu wa lugha ya pili gizani.

Shida hiyo ilidumu miaka mingi. Mwaka 2006 John Resig wa Marekani alitoa jQuery, ambayo ilikuwa kama mkalimani: fundi aliiambia mara moja, "Onyesha picha polepole," nayo ilimweleza kila kivinjari kwa lugha yake. Mwaka 2011 Internet Explorer toleo la 9 ilianza kuelewa kipimo cha 0 hadi 1. Mwaka 2013 jQuery toleo la 2 iliacha kuwasemea watu wa Internet Explorer 6, 7 na 8. Na tarehe 15 Juni 2022 Microsoft iliacha kuihudumia Internet Explorer 11 katika kompyuta za kawaida. Kwa hiyo kivinjari kile kimeondoka, lakini fundisho lake halikuondoka. Kila mwaka yako maagizo mapya, na kila mwaka ziko simu zisizoyajua. Kwa mfano, mwaka 2010 Google ilitoa namna mpya ya kuhifadhi picha, iitwayo WebP, iliyo nyepesi. Lakini kivinjari cha simu za iPhone hakikuweza kuonyesha picha hizo mpaka mwaka 2020. Fundi aliyetumia WebP peke yake, bila kuweka picha ya namna ya zamani pembeni, aliwanyima wengi.

Sasa tuje kwenye dawa. Mtu aweza kusema, "Basi tuache mapambo yote." La, si lazima. Pambo lenyewe si adui. Kivinjari kikikuta agizo la urembo kisichokijua, kwa kawaida hulipita tu na kuendelea. Agizo la "ionyeshe polepole" likipitwa, picha hutokea mara moja, wala hapana hasara. Hasara inatoka katika kuficha. Ukificha kitu kwa kutegemea kwamba mwingine atakifunua, uwe na hakika kwamba huyo mwingine yupo.

Kwa hiyo kanuni ni hii, iandikeni katika madaftari yenu: Picha kwanza, pambo baadaye.

Maana yake, ukurasa uandikwe kwanza bila pazia, picha zionekane kwa kila mtu. Kisha mtoto, yaani programu ndogo, akifika mwenyewe, atundike pazia kwa mkono wake na kulifungua kwa mkono wake. Asipofika, hakuna pazia. Mteja ataona nguo bila pambo, naye atanunua.

Tena mtoto huyo afundishwe adabu ya kazi. Akifika mlangoni, asikae kungoja kengele. Kwanza atazame ndani: mzigo umekwisha fika? Kama umekwisha fika, afungue pazia mara moja. Kama bado, ndipo angoje kengele. Na mzigo ukipotea njiani, kivinjari hutoa habari hiyo pia. Basi afungue pazia vilevile, ili mteja asome maneno yaliyowekwa badala ya picha. Mahali pa picha pasiachwe patupu. Paandikwe, kwa mfano, "Gauni la kitenge, bluu na njano, saizi ya kati." Maneno hayo humsaidia asiyepata picha, na humsaidia pia ndugu yetu asiyeona, ambaye simu yake humsomea kwa sauti.

Jambo moja tena. Fundi aandike upana na urefu wa kila picha, ili kivinjari kiitengee nafasi mapema. Asipofanya hivyo, picha ikifika baadaye huyasukuma maneno chini, na mteja anayetaka kugusa "Piga simu" anajikuta amegusa kitu kingine.

Sasa wengine wenu watasema, "Mwalimu, sisi ndio kwanza tunajifunza kusoma. Sisi si mafundi." Ni kweli. Lakini huyo mama wa Mirongo naye si fundi wa tovuti. Yeye ni fundi wa nguo, naye ndiye mwenye pesa. Mtu anayejenga nyumba si lazima ajue kupiga lipu, lakini yafaa ajue kuuliza kama paa litavuja. Basi ukimlipa mtu akutengenezee ukurasa, muulize maswali haya matatu kabla ya kumaliza malipo:

La kwanza: Programu ndogo zisipofanya kazi, picha zangu zitaonekana?

La pili: Mtu akifungua ukurasa mara ya pili, picha zikitoka katika akiba, zitaonekana?

La tatu: Picha isipofika kabisa, mteja atasoma nini mahali pake?

Kisha usikubali kuonyeshwa katika simu ya fundi peke yake. Simu ya fundi ni mpya, mtandao wake ni mzuri, na picha zimo katika akiba yake. Tafuta simu ya zamani ya jirani, au ya shangazi. Fungua ukurasa mara mbili, si mara moja. Na kama una ndugu Ukerewe, mwambie aufungue huko, akueleze anaona nini. Mteja wako hayumo katika simu ya fundi. Yumo katika simu ile ya shangazi.

Tukirudi kwa mama wetu: akimwita kijana wake na kumweleza haya, kazi si kubwa. Picha zipunguzwe uzito, pazia liondolewe katika ukurasa na kukabidhiwa kwa mtoto, maneno yaandikwe chini ya kila nguo. Labda ni kazi ya siku moja. Baada ya hapo mteja wa Nansio atayaona magauni yote 10 katika simu yake ile ile ya zamani. Hayatajitokeza kama jiwe ukunguni. Yatatokea tu, na rangi zake zitasomeka. Naye atajua kama apande meli au asipande.

Ndugu wanafunzi, nawaomba mkumbuke jambo moja kuliko yote. Ukifungua ukurasa ukaona visanduku vyeupe, usiseme upesi, "Mimi ni mjinga," wala usiitupe simu yako. Mpigie mwenye ukurasa, umwambie umeona nini, katika simu gani. Kufanya hivyo ni kumsaidia. Mwenye duka hawezi kujua kwamba pazia limefungwa, kama watu wote wanaopita nje wananyamaza.

Muda wetu umekwisha. Mwalimu wa darasa atawaongoza katika maswali. Mpaka tutakapokutana tena, kwaherini.

Maswali ya kuzungumzia darasani

1. Kwa nini mteja wa Nansio alifikiri simu yake ni mbovu? Je, alikuwa na haki ya kufikiri hivyo?

2. Picha moja ina kilobaiti 600. Mtandao unaleta kilobaiti 30 kila sekunde. Picha itafika kwa sekunde ngapi?

3. Eleza kwa maneno yako mwenyewe: mtoto, kengele na pazia ni mfano wa nini?

4. Kila mtu aandike sentensi moja ya kueleza kitu anachouza au anachotengeneza, ili mtu asiyekiona apate kukijua.